Vigae kwenye Ukuta wa Udongo

Ifakara, Jumatano. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikapumzika asubuhi, ikarudi mchana na hasira.

Nianze na ukuta.

Kwenye barabara ya sokoni yamebaki maduka manne ya zamani, yaliyojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa wakinunua mpunga wa bonde hili. Kuta nene za tofali mbichi zilizopakwa chokaa, milango ya mbao ya kukunja, matundu ya hewa juu ya milango, ghala nyuma. Mbele kuna kibaraza kipana chenye nguzo. Mvua ikija, watu hukimbilia hapo na baiskeli zao, na mabeseni ya samaki.

Leo maofisa wa mji walipita kukagua yapi ni hatari. Duka likichorwa X nyekundu, mwenyewe analibomoa. Asipoweza kujenga jipya, kiwanja anapewa mwingine. Nilikwenda kuandika habari hiyo.

Mama Tumaini ni mjane. Anauza vitenge na magodoro kwenye duka la tatu na analala ghalani, nyuma. Kiangazi chote alijiandaa kwa ukaguzi huu: alibandua chokaa iliyochakaa, akapiga plasta ya saruji, akabandika vigae vyeupe hadi usawa wa dirisha. Kasimu, fundi cherehani anayeshona kibarazani kwake, aliliita duka hilo bafu la hoteli. Jirani yao hakugusa kitu. Chokaa yake imebanduka vipande vipande kama muhogo ulioanza kumenywa.

Maofisa walikagua kwa macho. La jirani likapata X. Kwa Mama Tumaini, mkubwa wao aligonga kigae kwa kalamu na kusema, "Hili safi. Hongera, mama."

Mimi nilisikia ukuta ukigongwa. Ulilia kama debe tupu.

Masika iliyopita niliripoti duka lililoanguka mwisho wa barabara hii. Nalo lilikuwa limepigwa saruji. Bonde hili maji hupanda kutoka chini. Tofali mbichi huyanywa, kisha huyatoa polepole kupitia chokaa. Saruji inaziba njia. Ukuta unaoza ndani huku nje unang'aa.

Nilisubiri maofisa wasogee duka la mwisho, nikaweka kiganja kwenye vigae. Ukuta ulikuwa umefura chini ya dirisha.

"Mama, ukuta wako umejaa maji."

"Sema polepole," alisema, akitazama walikokwenda. "Wameshanipitisha. Wewe unataka nini tena?"

Kasimu hakuinua hata mguu kwenye pedeli. "Anataka habari, mama. Nyumba ikisimama, waandishi watakula nini?"

Kuhusu kazi yangu hakukosea sana.

Ndipo mvua ikamwagika. Kibaraza kikajaa. Baiskeli zikaegemezwa kwenye vigae, na mwanamke mwenye mtoto mgongoni akakaa chini ya dirisha, pale pale palipofura.

Kigae kimoja kikadondoka. Kwenye pengo yakatiririka maji ya kahawia.

Niliwaambia watoke. Hakuna aliyetikisika.

"Kigae kimoja tu, kaka?" dereva wa bodaboda alisema. "Huko nje ni Mto Kilombero wenyewe!"

Mama Tumaini aliyaona yale maji. Nilimwona pia akitazama miavuli ya maofisa kwa mbali. Angenyamaza kidogo tu, wangepanda gari na kuondoka.

Aliingia ndani, akatoka na jembe.

"Tokeni kibarazani kwangu! Nendeni kwa jirani!"

Walihama wakinung'unika, wakajibanza chini ya X nyekundu, kwenye ukuta mkavu. Mama Tumaini akapiga vigae mwenyewe. Plasta ilishuka yote kwa pamoja, kama mlango uliong'oka. Nyuma yake tofali zilikuwa tope, na za chini zikaanza kumeguka pale mwanamke alipokuwa amekaa. Kasimu alikuwa ameshahamisha cherehani yake. Hakutania tena, alikimbia kutafuta mirunda ya miti, tukashikiza boriti ya paa.

Yule mkubwa akarudi na mwavuli wake. "Mama, unabomoa nini? Si nimekupitisha?"

"Umepitisha vigae, baba. Ukuta ndio huu."

Alilitazama lile tope. Akasema atarudi Ijumaa kuamua upya, na akaondoka bila kuchora kitu.

Sasa ni jioni. Boriti imekaa juu ya mirunda, na ukuta uko uchi. Labda utakauka. Labda hautakauka.

Mambo ni haya: ukuta ulio imara umechorwa X, ukuta uliooza umepewa hongera. Nikiandika hivyo, watalazimika kukagua yote manne upya, tena kwa kugusa. Jirani anaweza kupona. Mama Tumaini anaweza kupoteza duka kwa maneno yangu.

Nilimuuliza kabla sijaondoka. Alikuwa anafagia tope.

"Andika," alisema. "Ila usiandike nusu. Andika kwamba saruji niliiweka mwenyewe, watu wengine wasije wakafanya hivyo."

Nilimwomba akalale kwa dada yake, mbali na ukuta ule. Alikataa. Duka tupu halina mwenyewe, alisema.

Nimekwishaandika yote, na saruji yake imo. Nimeisoma habari yenyewe mara mbili nikitafuta kosa ili nipate sababu ya kungoja. Sijaliona.

Naituma sasa, kabla huruma haijaanza kufuta mistari.