Roboti Uliyomwachia Shemeji Abdiel

Nkoaranga,
Meru, Arusha.
19 Julai 2008

Mpendwa mdogo wangu Melkizedeki,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Shikamoo yako ya Pasaka niliisikia, ila simu ilikatika kabla sijaitikia. Basi marahaba, na nyingine ya akiba. Habari za huko Minnesota? Shemeji Agnela hajambo? Na wewe mwenyewe, kipimo chako cha damu cha safari hii kimesemaje? Nakuuliza kwa moyo mweupe, maana ugonjwa wetu ni mmoja na baba yetu ni mmoja.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Baridi imeshuka kutoka mlimani na Evaresta wangu hataki kuniona nje bila koti. Masika yalikuwa mazuri, migomba imeshiba. Kahawa ya baba nimeing'oa nusu, nimepanda nyanya. Tangu chama cha ushirika kilegee, wanunuzi binafsi wanakuja na bei yao mfukoni na hakuna wa kubishana nao. Najua utanung'unika. Ukitaka kahawa, njoo uipalilie.

Nimechagua barua badala ya simu kwa sababu jambo lenyewe ni refu, na kuna mahali litakukasirisha. Linamhusu shemeji Abdiel, mume wa dada yetu Nice.

Nianze na wivu wangu, kwani bila huo hutaelewa mengine. Mwaka jana saratani ya tezi dume ilitupeleka wote wawili kwenye kisu. Wewe ulitangulia, kule kwenu, kwa roboti. Mimi nikafuata Agosti, hapa hapa, kwa mikono ya daktari, tumbo likafunguliwa kuanzia kitovu kwenda chini. Wewe ulilala hospitali usiku mmoja. Mimi niliongezewa damu, nikalala pale mpaka wauguzi wakayajua majina ya wajukuu zangu.

Halafu ukaja Krismasi. Ukafungua kompyuta yako sebuleni kwangu, majirani wakajaa mpaka mlangoni, ukatuonyesha sinema ya mashine ile yenye mikono inayojikunja kama ya buibui. Ukapandisha shati, ukawaonyesha vitobo vyako, vidogo kama alama za chanjo. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba mwenye nyumba naye ana kovu. Jumapili mchungaji alikuita mbele, ukaimba na kwaya, ukapigiwa makofi. Mimi niliombewa kwenye kundi la wagonjwa wa mtaa, katikati ya mwenye baridi yabisi na aliyeanguka kutoka kwenye mparachichi.

Nilikuonea wivu, Melkizedeki, na si wa utani. Ulikuwa unakula loshoro mezani kwangu na kucheka, nami nakutazama kama mtu anayetazama ng'ombe wa jirani wakiingia zizini.

Unakumbuka tulipokwenda Momela kuwaonyesha watoto wako heroe, wale ndege wa ziwani? Ulisimamisha gari, ukaingia kichakani na kimfuko. Uliporudi uliniambia kwa Kimeru, ili watoto wasielewe, kwamba hata wewe, kama mimi, mkojo unakutoka ukikohoa, kwamba unavaa pedi, na kwamba chumbani mambo hayajarudi. Ukaniomba nisimwambie mtu. Nikakuahidi. Nilikupa pole, lakini moyoni nilifurahi, na furaha ile nilirudi nayo nyumbani kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Sasa Abdiel. Februari mkojo ulianza kumsumbua. Akapimwa damu mjini, akakatwa vinyama vya tezi vikapimwe, majibu yakaja: saratani, ila bado iko ndani ya tezi. Daktari akasema tezi ya hali hiyo inafaa kuondolewa, asiiache saratani ikatoka nje. Ungetegemea mtu amshukuru Mungu na kupanga begi. Yeye akasema hapasuliwi na mtu, anataka roboti kama ya Melkizedeki.

Akaanza kutafuta mnunuzi wa kiwanja chao cha Olasiti, kile Nice alichofugia kuku na kusomeshea watoto. Viza hana, hospitali haijui, lakini kiwanja kinauzwa. Aprili ikaingia, bado anangoja. Nice alinijia analia. Nikaenda.

Nilimkuta amekaa barazani anakarabati bomba la kunyunyizia dawa.

"Shemeji, daktari amesema usichelewe," nikamwambia.

"Sichelewi. Natafuta njia ya kwenda kwenye mashine. Mashine haitetemeki mkono."

"Hata mashine inaendeshwa na mtu."

Akaweka bomba chini, akanitazama. "Shemeji Anaeli, wewe walikupasua kama mbuzi wa Krismasi, na mdogo wako hakupasuliwa. Una wivu. Nkoaranga nzima inajua."

Niliondoka kama niliyemwagiwa maji, na kilichoniuma zaidi ni kwamba hakusema uongo.

Kesho yake nilimfuata daktari aliyenipasua. Nilimwambia wazi: nataka kujua ukweli wa roboti, uzuri wake na ubaya wake, nisije nikamdanganya mtu kwa sababu ya moyo wangu. Alicheka, akaniwekea kiti. Kumbe alipokuwa masomoni nje aliiona ikifanya kazi. Akaniambia mashine ile haikati chochote yenyewe. Daktari anakaa pembeni, ameinamia kioo kinachomkuzia picha ya ndani, na mikono ile inafuata vidole vyake. "Jembe jipya," akasema, "halimfundishi mtu kulima." Mgonjwa anayekwenda huko asiulize mashine ni ya mwaka gani. Amuulize daktari ameshafanya wangapi, na wangapi kati yao walirudi kukauka, bila kuvuja mkojo.

Nilimuuliza basi faida yake nini. Hakuificha. Damu inamwagika kidogo, maumivu ya siku za mwanzo ni machache, mtu anarudi nyumbani mapema. Nilisikia kidonda changu kinanicheka. Lakini akasema kinachotolewa ni tezi ile ile, na kwa yanayojulikana mpaka sasa, hakuna anayeweza kuapa kwamba saratani inapona zaidi kwa roboti kuliko kwa daktari mzoefu aliyefungua tumbo. Mpira wa mkojo unawekwa kote kuwili. Kuvuja kunaweza kutokea kote kuwili, na nguvu za kiume zinaweza kuyumba kote kuwili, kwa sababu mishipa yenyewe imepita palepale. Tena wapo wanaoanza na roboti, mambo yakakwama ndani, wakafunguliwa tumbo vilevile. Na kipimo cha damu baada ya hapo hakimsamehe mtu, awe ametobolewa au amepasuliwa.

Nikarudi kwa Abdiel. Nice alikuwapo, anamenya ndizi. Safari hii sikungoja aniambie.

"Ulisema nina wivu. Ni kweli, ninao. Ningepewa nafasi ya Melkizedeki ningekwenda hata kwa miguu, maana kidonda hiki kilinitesa. Sasa nisikilize ukijua hivyo, uchuje mwenyewe."

Nikamweleza yote ya daktari, kuanzia yale mazuri ya roboti. Alisikiliza. Mwishoni akatikisa kichwa. "Sawa. Lakini Melkizedeki alitoka mzima. Hana pedi, hana nini. Nilimwona kwa macho yangu."

Hapo, mdogo wangu, ndipo nilipoivunja ahadi yako. Nilimwomba Nice atupishe kidogo, nikamwambia Abdiel uliyoniambia Momela, ya mkojo na ya chumbani. Nilijichunguza wakati nasema, kwa sababu nilijua kuna sehemu ya moyo wangu iliyoingoja siku hiyo. Ilikuwapo, na utamu wake niliusikia mdomoni. Lakini nisingesema, kiwanja kingeuzwa na saratani ingeendelea kula.

Abdiel akauliza kwa sauti ndogo, "Melkizedeki? Na alikuwa anaimba kwaya vile?"

"Na alikuwa anaimba."

"Sasa kwa nini hakuniambia mimi ninayeugua?"

Swali hilo si langu.

Alipasuliwa Mei, na daktari yule yule. Nice alikaa naye wodini, mimi nikawa napeleka uji. Majibu ya tezi iliyotolewa yalikuja vizuri, kingo zote safi bila saratani, na kipimo cha damu cha mwezi huu kimeshuka mpaka mashine ya maabara karibu isikione. Kiwanja kipo, kuku wapo. Nice ameanza kuimba tena jikoni.

Unajua kilichofuata? Mpira ulipotolewa nikamfuata kumpa moyo, nikiwa nimebeba maneno yangu yote ya mtu mzoefu: atavumilia, mimi nimevuja miezi na miezi mpaka leo, afanye mazoezi ya kubana, aione njia ndefu. Akanisikiliza kwa heshima. Wiki chache tu, amekauka! Anakohoa, anabeba ndoo, anacheka, hata tone! Kwa kisu kile kile, mikono ile ile, na kovu lake limekuwa jembamba kuliko langu. Nilimpongeza, nikatembea kwenda nyumbani nimenuna njia nzima, mpaka Evaresta akaniuliza nani amefariki.

Ukikasirika kwa siri yako, una haki, nami nitapokea. Ila mwandikie Abdiel wewe mwenyewe. Usimwandikie habari za mashine, amezishiba. Mwandikie ya kichakani. Na wako wengine huku walioiona sinema yako, wana umri wetu, wanaamka kukojoa mara kwa mara na hawajapimwa. Nao wanaingoja roboti. Sauti yangu kwao ni ya mwenye wivu. Yako wataisikia.

Evaresta anakusalimu, anasema koti ulilomletea limemfaa baridi hii. Nice anakusalimu sana na kukuombea. Abdiel naye anakusalimu, akiwa mkavu. Nisalimie Agnela na watoto wote.

Mungu aliyetuacha hai wote watatu akulinde huko kwenye theluji, na akukaushe kabla hajanikausha mimi. Sentensi hiyo imenichukua asubuhi nzima kuiandika, lakini nimeiandika.

Kaka yako akupendaye, hata siku zile anapokuonea wivu,

Anaeli