Gitaa la Bei ya Cherehani

Kandida, rafiki yangu,

Habari za huko sikuulizi, maana nitalia kabla sijamaliza mstari. Nianze na za huku. Songea kuna baridi ile yako, ya kushona ukiwa umejifunga kitenge mabegani. Kwenye kibanda chako pale Majengo sasa yupo dada anauza vocha na chaja za simu. Nikipita nageuza uso. Mwaka umekwisha, bado nageuza uso.

Nakuandikia kukuambia kwamba gitaa letu lipo. Limetengenezwa, Kandida. Naligusa kwa mkono.

Unakumbuka lilivyoanza? Tulikwenda Nalasi kwenye harusi ya binamu yako. Gitaa la kwaya tuliloazima lilikaa kwenye buti la basi, joto la Tunduru likakibandua kile kibao kinachoshika nyuzi, tukafika na kuni. Uliimba hivyo hivyo, mimi nikapiga makofi. Wakati wa kurudi ulikuwa umekasirika njia nzima. "Hilda, yapo magitaa ya kuchezea watoto, na yapo ya kufungiwa kabatini kwa sababu ya bei. Hapo katikati, kwa watu kama sisi, mbona hawakuweka kitu?" Ukasema gitaa la mtu wa kawaida liwe na bei ya cherehani. Unajinyima kweli kulinunua, lakini ukishalipata linakufanyia kazi mpaka uzeeke.

Tangu siku ile tukawa tunalishona kwa maneno. Mimi nikitoka kufundisha, nakaa kwenye benchi lako, wewe unachora kwenye karatasi ya kukatia vitambaa. Ulilichora kama gauni: mabega mapana, kiuno kimebana. Ulinipima kiganja kwa futi yako, ili shingo ya gitaa isiushinde mkono wa mwanamke. Uso uwe ubao halisi, maana ndio unaoimba. Mgongo hata plaiwudi sawa. "Hiyo ni bitana, haionekani, kazi yake kushikilia." Nyuzi zikae chini, zisikate vidole. Na lisimbague mtu kwa mkono anaotumia. Hapo ulikazia, kwa sababu ulikuwa wa kushoto, na maisha yako yote ulipiga magitaa ya wenzako umeyageuza juu chini.

Tuligombana kwa jambo moja tu. Mimi nilitaka ua kuzunguka tundu la sauti. "Mwalimu, pambo haliimbi," ukasema, ukalifuta.

Karatasi ile mama yako alinipa baada ya arobaini. Aliikuta kwenye droo ya cherehani. Nikaikunjua, nikaona ua. Dogo, kwa kalamu ya bluu, limezunguka tundu. Ulilichora lini, Kandida? Ulipolazwa hukuweza tena kushika kalamu. Ina maana ulilirudisha zamani, ukanyamaza. Ulivyokuwa mkaidi, wewe!

Nikampelekea Mzee Ditram, yule aliyekutengenezea meza ya kukatia. Nikamwamkia, nikamwekea karatasi mbele yake. Aliitazama, akaigeuza. "Mwalimu, mimi fundi wa milango."

"Mzee, huu nao ni mlango, ila una shimo."

Akacheka, nikajua amekubali. La kwanza lilitoa sauti ya ndoo. Akalibomoa bila kunung'unika, akasema uso ni mnene, akatafuta ubao mwingine uliokauka miaka juu ya dari yake, akauranda mpaka ukawa unatetemeka ukiupulizia. Shingo aliweka mninga. Pale vidole vinapokanyaga, mpingo. Funguo za kukazia nyuzi na vile vyuma vya shingoni tulivitoa kwenye gitaa la kwaya lililokufa. Aliponiuliza, "La mkono gani?" nikajibu kushoto. Sikufikiri hata kidogo.

Basi likakaa ukutani kwangu. Zuri, na ua lake, nyuzi zimepangwa kwa ajili yako, na hakuna wa kulipiga. Kila Jumamosi nikawa nalifuta vumbi. Siku moja mama yako akaja kunisalimia, akaketi, akalitazama kwa muda.

"Hili linapigwa na nani?"

"Hakuna, mama. Ni la Kandida."

Akaligusa ua kwa kidole. Halafu akasema polepole, "Mwanangu, umetengeneza gitaa au umejenga kaburi la pili?"

Nililia, naye akaniacha nilie, akaenda jikoni kubandika chai.

Kesho yake nikarudi kwa Mzee Ditram. Kumbe lile ulilolisisitiza, lisibague mkono, lilikuwa kazi ya muda mfupi tu: akageuza vile vipande viwili vinavyobeba nyuzi, juu na chini, tukafunga nyuzi upya kwa mkono wangu wa kulia. Jumapili nikalipiga kanisani. Ubeti wa pili vidole vikagoma, kwaya ikaendelea bila mimi. Ubeti wa tatu nikaingia tena. Baada ya misa mama mmoja muuza maandazi akanishika mkono: "Mwalimu, haya yanauzwa wapi?" Sasa Mzee Ditram anamtengenezea lake, na ameanza kujiita fundi wa magitaa. Milango eti inamchosha.

Nisikudanganye, halijawa lile tulilolisema. Uzi wa nne unakwaruza. Mvua zilipokuja shingo ilijikunja kidogo. Bei nayo imeipita cherehani ya mtumba, ingawa ya mpya haijaifikia. Najua ungembana mzee wa watu mpaka apunguze.

Lakini kuna jambo nimeliweka mwisho makusudi. Mama anajifunza. Ndiyo, mama yako. Kila Jumanne akitoka shamba anapitia kwangu, anavua kandambili mlangoni, analipakata gitaa kama mjukuu. Vidole vyake vya jembe havisikii ukali wa nyuzi. Mikao miwili ya vidole ameshaijua. Wa tatu unamshinda. Anasonya, anajaribu tena, anacheka, na kicheko ni chako, Kandida, chako kabisa, mpaka inabidi nijifanye natafuta kitu dirishani.

Pumzika, rafiki yangu. Usiwe na wasiwasi naye. Huo wa tatu nitamfundisha hata ukituchukua mpaka mavuno mengine. Na siku akiushika, nitamwambia bado upo wa nne.

Wako,
Hilda