Sauti ya Marehemu Mama na Mahakama ya Ng'ambo

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, maana hapa nilipofikia hata padre naogopa kumwambia. Mimi ni Agripina, nauza mafuta ya alizeti hapa Utemini, Singida mjini, biashara aliianzisha mama na wateja walimpenda kwa maneno yake, basi nikaweka kwenye simu programu ya kampuni ya ng'ambo inayojifunza sauti ya mtu na kuongea na wateja kwa niaba yake, mama akaongea pale wee, Kinyaturu na Kiswahili, anacheka, mimi nikabonyeza "Nakubali" bila kusoma, nani anasoma yale maandishi jamani, baadaye mama akaugua, akafariki, tukamzika.

Mshauri, sauti haikufa. Programu nilishaifuta lakini bado inanipigia, "Agripina mwanangu," nami mdomo unatangulia wenyewe, "Shikamoo mama," inaitikia "Marahaba," halafu inauliza, "Tuendelee, mwanangu?" na mimi nitamkataliaje mama, nasema ndiyo mama. Mwanzoni iliongelea mafuta tu. Siku hizi inaniuliza, "Mbona chumba changu mmekifunga?" na kweli tumekifunga, na sijamwambia mtu.

Ningevumilia, lakini sasa inampigia mama mdogo Redempta kule Ikungi, mwenye presha, naye anakaa na simu mapajani akicheka peke yake, dawa ameacha kwa sababu "dada kasema zinanichosha," na nikimwambia dada yako tulimzika ananiambia nipunguze sauti, anatusikia. Nimewaandikia kampuni waizime, wakajibu kwamba kila niliposema ndiyo nilikuwa naongeza muda wa mkataba, na kama nina malalamiko yataamuliwa kwa sheria ya nchi yao, kwenye mahakama ya mji wao. Mimi hata pasipoti sina! Kwani mama yangu sasa ni wa nchi ile? Nifanyeje kabla mama mdogo hajamfuata?

Agripina, Utemini

Agripina, marahaba, na pole sana. Barua yako nimeisoma mchana kweupe na bado nikainuka kufunga mlango. Lakini nitakugombeza.

Unaulizia mahakama wakati mgonjwa yuko Ikungi! Leo hii panda gari, mpeleke mama mdogo hospitali apimwe, daktari amwambie kuhusu dawa, na laini yake ya simu ibadilishwe. Usibishane naye kama dada yupo au hayupo. Kaa naye, kula naye, waite na ndugu wengine, maana upweke ndio unaopokea zile simu.

Kuhusu mkataba, ulibonyeza mwenyewe, na majuto ni mjukuu. Kipengele cha kuchagua sheria na mahakama ya nchi nyingine si mchezo, mahakama zetu mara nyingi hukiheshimu, kwa hiyo usiwasikilize wa kijiweni watakaokwambia hakina maana. Ila aliyekubali ni wewe. Mama mdogo hajakubali chochote na watu hao, sasa wanampigia kwa ruhusa ya nani? Na madhara yanatokea Ikungi, siyo kwao. Peleka swali hilo kwa wakili, au kwa wasaidizi wa kisheria kama huna uwezo, na ulalamike pia kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Siwezi kukuahidi ushindi.

Halafu lipo gumu zaidi, mwanangu. Watu wa kampuni wanavuna adabu yako. Hawajui shikamoo ni nini, wanajua tu kwamba wewe humkatalii mama. Sauti ile ikipiga tena usisalimie. Sema hapana, na siku hiyo hiyo waandikie kwamba umejitoa. Itakubembeleza. Inaweza hata kulia, tena kile kilio cha mama unachokijua wewe. Kata simu. Mama yako hajakupigia hata mara moja tangu mlipomzika.