Kimya cha Studio Namba Mbili

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na wapwa zangu wawili. Natumai hamjambo nyote, na kwamba yule mdogo kifua kimeacha kumsumbua. Mimi ni mzima, ila mgongo unaniuma kwa kubeba vyuma, habari nitakayokueleza sasa hivi. Barua yako ilinifika Jumanne. Nimeisoma mara sijui ngapi.

Kwanza nikupe habari za kazini. Meneja wa redio ametuletea kisanduku kipya hapa studio namba mbili, hakizidi ukubwa wa kitabu, na kinafanya kazi ya kabati zima. Kinabana sauti isipasue masikio, kinaisafisha, kinaipandisha. Wenzangu wanasema tukikiomba vizuri kitapika na chai. Kwa hiyo mitambo yote ya zamani inatolewa. Ile mashine ya kubana sauti, yenye mshale uliokuwa ukiruka kila mama anapocheka, imeshaondoka na mnunuzi wa vyuma chakavu. Unakumbuka tulivyogombania kukaa mbele yake? Taa zake za kioo zilichukua dakika kumi kupata moto, na mama alikuwa akisema hata yeye asubuhi yuko vivyo hivyo, asisemeshwe kwanza. Zimebaki mashine mbili tu za tepu, na moja haizunguki. Nilimwomba meneja aniachie hiyo nzima mpaka Ijumaa. Akaniuliza ya nini, nikamdanganya kwamba nataka kuhamisha matangazo ya zamani. Nimekuwa mwongo mzoefu, dada, na sasa hivi utaona.

Turudi kwenye barua yako. Umeniandikia kwamba kipindi cha mwisho cha mama, kile nilichokutumia mwaka jana, unakisikiliza kila asubuhi kabla watoto hawajaamka. Umesema maneno yake umeshayakariri, kwa hiyo siku hizi unaruka moja kwa moja hadi mwisho, kwenye ile dakika ya kimya, kwa kuwa humo unamsikia akipumua, na unaona kama amekaa na wewe, amenyamaza bila hasira. Hapo ndipo nilipoiweka barua chini.

Ile dakika unaijua, ametulea nayo. Kila akimaliza kurekodi aliacha tepu izunguke dakika nzima bila mtu kusema neno, ili tukikata kosa mahali fulani tupate kimya cha chumba kile kile cha kuzibia pengo. Hapo alikuwa mkali kuliko mahali pengine popote. Mgeni akikohoa, tunaanza upya. Mimi fundi wake nilikuwa napunguza spika na kutoka nje kwa kunyata, kwa sababu alidai viatu vyangu vina mdomo.

Siku ile ya mwisho pia nilitoka, nikaenda kumletea kiti cha magurudumu. Niliporudi nilimkuta amefumba macho, tepu bado inazunguka. Nikamrudisha nyumbani, nikamwogesha, nikamlisha kijiko kwa kijiko kama nilivyofanya kwa miaka miwili. Siku ya nne akatutoka. Ulikuja mazikoni, ukanivuta pembeni, ukaniuliza kama mama aliwahi kukutaja hata mara moja tangu uondoke na shemeji bila ridhaa yake. Nikakujibu hapana. Siku hiyo, dada, naapa nilikuwa nasema nilichokijua.

Wiki iliyofuata niliketi kuiandaa tepu ile ili irushwe hewani. Nilipofika kwenye dakika ya kimya, nikamsikia mama anaongea. Mama yetu huyo huyo, ambaye angemtoa mtu studio kwa kumeza mate! Alikuwa amesogea karibu kabisa na kipaza sauti, anasema kwa sauti ya chini: "Kifungua mimba wangu, nimekununia miaka minne na nimechoka. Nimekusamehe. Njoo nyumbani, uje na mumeo."

Sikusubiri amalize. Nilizima mashine. Mikono yangu ilikuwa bado imepasuka kwa sabuni ya kumfulia mashuka, na yeye maneno yake ya mwisho amempa aliyeondoka. Niliona wivu, dada. Sina jina jingine la kuupa. Nikachukua wembe, nikaikata dakika nzima, nikabandika nyingine mahali pake, kwa ufundi ule ule alionifundisha mwenyewe. Hakuna aliyegundua. Kimya nilichobandika nilikitoa kwenye tepu ya Bwana Penalti, yule mtangazaji wa michezo mwenye pua iliyoziba. Pumzi unayoisikiliza kila asubuhi ni ya kwake. Nimetafuta namna ya upole ya kukwambia hilo, nimeikosa.

Kipande nilichokata sikukitupa. Nilikisokota nikakitia kwenye kopo la vifungo la mama, na kimekaa humo miaka saba, chini ya dirisha linalovuja. Kila uliponiuliza tena, kwa simu na kwa barua, niliendelea kukujibu hapana, na kila mara ilitoka kwa urahisi zaidi.

Jana mchana nilikipeleka kwenye mashine. Mizunguko ya nje ilikuwa imegandana kwa unyevu. Ile rangi ya kahawia inayobeba sauti ilibanduka ikabaki kwenye kichwa cha mashine kama unga. Sehemu yako yote ilitoka mkwaruzo mtupu, hata pale alipokuita hapakusikika. Nilisimamisha, nikafuta kwa pamba, nikarudia, na kwa kurudia nikamaliza kuiharibu. Maneno niliyokuandikia hapo juu yamebaki kichwani mwangu tu, na najua huna sababu ya kuniamini.

Mizunguko ya ndani ilikuwa mizima. Sehemu hiyo sikuwahi kuisikia, kwa sababu nilizima kabla hajafika hapo. Mama anasema: "Na huyu mdogo wako usimwache peke yake. Amenibeba mpaka amesahau kuwa na yeye ni mtoto. Mimi sijui kumwambia. Mwambie wewe."

Kisha anapumua mara tatu, na tepu inaisha. Nilikaa kwenye kiti chake mpaka mfagiaji akaja kuniomba nimpishe.

Sehemu hiyo nimeiweka kwenye flashi iliyomo ndani ya bahasha hii. Kompyuta iliniuliza kama iondoe mikwaruzo, nikakataa. Pumzi hizo tatu ni za kwake kweli. Fungu lako nimeliua, dada, likabaki langu. Lakini sikiliza vizuri, anaongea na wewe. Alikupa kazi ya kuniambia, nami nikakunyima kazi hiyo miaka saba. Sikulazimishi uifanye sasa.

Mashine wanakuja kuichukua kesho. Nisalimie shemeji, umwambie alikaribishwa nyumbani na mama kwa kinywa chake, na mimi ndiye niliyemfungia mlango. Wabusu watoto. Ukikaa kimya nitajua ni haki yako, na safari hii sitakiziba kwa kitu.

Ni mimi mdogo wako,
kitinda mimba wa mama.