Ghassan Amechukua Maji

Jumatatu, 5 Januari 2026

Sura ya saba imekwisha! Ghassan amechukua chupa ya maji, ya mwisho, akasema anakwenda kutafuta njia, akapotelea nyuma ya jabali. Mkewe Bashayer amebaki peke yake na mabegi mawili ya mgongoni na jua la utosini. Wamepotea mlimani, simu zimekufa, na sasa hajui kama mume amekwenda kutafuta njia au amemtupa. Mimi mwenyewe sijui. Raha iliyoje!

Nimetoka chumbani nikamkuta Awadh mbele ya televisheni. Nikamwambia leo nimemtelekeza mwanamke mlimani. Akakohoa. Akasema vizuri, chai ipo kwenye thamosi. Ndiye mume wangu huyo.

Halafu nikamrekodia Mama, kama kila siku. Mama mkwe, Bi Zakiya, tangu alipofanyiwa operesheni ya jicho hajaruhusiwa kusoma. Kwa hiyo kila sura naisoma kwenye simu, namtumia, anasikiliza huku anachambua mchele. Leo kanijibu upesi: "Nadra mwanangu, huyo mwanamme hana kheri. Nletee ya nane." Nimefurahi mpaka nimeunguza maandazi.

Jumatano, 7 Januari

Kuna kitu hakiko sawa. Nimekutana na wifi yangu Rawan dukani hapa mtaani kwetu Hail. Amenikumbatia muda mrefu, akanikunjia mkono wa baibui, akanitazama kiwiko – kama daktari wa shule. Akasema nikitaka kulala kwake, chumba kipo. Chumba cha nini? Kwetu vyumba vinne, mtoto wetu Aws yuko chuoni Salala, tumebaki wawili tu. Akasema, basi we jua tu kwamba kipo.

Awadh naye karudi kutoka msikitini. Anasema watu leo wamempa mkono kwa ncha za vidole.

Ijumaa, 9 Januari

Nimejua! Mama huwa anazipeleka sauti zangu kwenye grupu la ukoo. Zote, kuanzia sura ya pili. Ya kwanza ilimshinda, alikuwa bado anajifunza simu. Na ya kwanza ndiyo niliyosema: hiki ni kitabu, nakitunga.

Sasa kitabu chenyewe anasimulia Bashayer. "Mume wangu alitangulia, hakugeuka. Mume wangu alinipokonya chupa." Kwa sauti yangu! Maskati nzima wamesikia, Unguja wamesikia, mpaka binamu wa Dubai. Na majina? Majina wanasema nimeyabadilisha kwa heshima, nisimuaibishe mume.

Nimecheka mpaka nimekaa chini. Awadh hakucheka. Akaniuliza, pole pole, Ghassan ni yeye?

Nikasema la, mtu wa kutunga. Lakini Ghassan anakohoa kabla ya kusema neno. Ghassan akitawadha anaweka saa ndani ya kiatu. Ghassan akitembea yuko mbele, hageuki. Awadh akauliza, umemtunga kutoka wapi? Nikaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Swali hilo limenitisha kuliko sura zote nilizoandika.

Jumapili, 11 Januari

Nimeandika kwenye grupu, kwa herufi kubwa, kwamba hii ni riwaya, Awadh hajawahi kuninyima hata tonge. Rawan amejibu kwa picha ya mikono inayoomba dua. Binamu wa Dubai kaniandikia pembeni: kama amekaa karibu yako, tuma nukta moja tu.

Jioni Ami Thabit, kaka wa marehemu baba mkwe, akatangaza kikao cha suluhu. Kesho baada ya Magharibi, nyumbani kwa Mama, Mawaleh. Nikampigia. Ami, ni hadithi tu. Akasema: "Nshasikia mwanangu, nshafahamu. Lakini halwa nshaagiza."

Jumatatu, 12 Januari

Kikao kimefanyika. Kikao kamili! Udi, kahawa, wazee wamejipanga ukutani, mimi upande huu, Awadh upande ule, kama tumegombana tangu vita vikuu. Ami Thabit kafungua kwa Fatiha. Kisha akamgeukia Awadh, akamuuliza maji aliyachukua kwa nini.

Awadh akanitazama. Akakohoa. Chumba kizima kikasikia.

"Umeona?" Mama akasema. "Hadithi nnajua ni hadithi. Lakini kikohozi hicho nimekizaa mie."

Nilidhani Awadh atanyanyuka aondoke. Angeondoka ningemwelewa. Badala yake akaikalia sawa ile mito, akajibu kama mshitakiwa mwenye adabu. "Ami, anayekwenda kutafuta njia ndiye anayetembea juani. Aliyekaa kivulini hahitaji maji kama yeye." Wazee wakatikisa vichwa. Ami akasema hoja ipo hapo.

Rawan hakuridhika. "Na kugeuka nyuma je? Shingo ilimuuma?"

Awadh akazungusha kikombe chake. "Sijui. Labda alijua mkewe yupo nyuma tu. Mtu hageuki kuangalia kitu ambacho siku zote kipo."

Vikombe vilisimama. Mimi nikaangalia zulia. Niliona haya, kweli niliona haya. Na wakati huo huo, Mungu anisamehe, nilikuwa nawaza kwamba maneno hayo ni mazuri kuliko sura ya saba nzima.

Hukumu mbili. Kitabu kiishe kwa heri. Na mpaka kiishe, sisi wawili tusionekane mahali penye mteremko. Tukapeana mikono mbele ya watu, tukala halwa, Mama akalia kidogo kwa jicho lile zima.

Njiani kurudi nilianza kucheka mimi, akafuata yeye, ikabidi asimamishe gari pembeni. Lakini mlangoni, ufunguo mkononi, akauliza tena. Anasema hana haja ya kitabu kizima, anataka jibu moja tu. Ni yeye au si yeye? Nimemwambia anipe siku chache. Swali la neno moja, na mimi naomba siku.

Alhamisi, 15 Januari

Awadh kanunua mabegi mawili ya mgongoni! Langu la rangi ya zambarau. Anasema nimeandika kurasa mia za mlima na mlima naujua kwa dirisha la gari. Twende Jumamosi nikaone jabali langu kwa macho, halafu nimjibu. Nina miaka arobaini na saba na magoti ya sabini. Nimekubali hata kabla hajamaliza.

Mama nimemwambia tunapeleka gari gereji, Wadi Kabir. Akauliza: "Wadi Kabir si majabali pande zote?" Nikamwambia gereji yenyewe iko chini, Mama.

Jumamosi, 17 Januari, asubuhi

Nyuma ya mji wa Nakhal. Njia ya zamani ya punda, mawe tu na miiba, chini kabisa kijiji na mitende yake. Hewa baridi, safi. Tumekula chapati na mayai juu ya jiwe. Sijafurahi hivi siku nyingi!

Awadh anatembea nyuma yangu. Njia nzima. Nikigeuka yupo, ananiambia tazama mbele utaanguka. Sikujua kuwa mbele kunachosha hivi – kila njia inapogawanyika uamuzi ni wangu, na kila nikikosea anafuata bila neno. Nimetupeleka mara mbili kwenye zizi moja la mbuzi. Mbuzi wameshatuzoea.

Tumelifikia jabali, lile lile nililolipiga picha kutoka barabarani na kulitia kwenye kitabu. Kwenye sura ya sita Bashayer ananing'inia hapo kwa kucha, chini yake giza. Ukubwa wake halisi: linanifika kiunoni. Awadh kacheka mpaka kavua miwani. Akapanda juu, akasema ngoja nikuonyeshe kwamba hapa hafi mtu.

Karuka.

Hakufa. Lakini kifundo cha mguu kimeshavimba kama andazi, na hawezi kukikanyaga.

Jumamosi hiyo hiyo, alasiri

Tunangoja. Naandika ili wakati upite. Nieleze kwa mpangilio.

Pale jabalini simu hazikushika. Ilibidi mtu apande mpaka kwenye kigongo cha juu, na mtu mwenyewe ni mimi. Awadh akanipa maji yote. Nikamwambia tugawane, akasema mwenye kutembea ndiye mwenye kiu. Nikaenda.

Juu upepo mtamu, mtandao upo. Namba ya uokoaji sikupiga, kwa kifundo cha mguu nitaona haya, nikampigia Ami Thabit. Ami, niko mlimani na Awadh, kaumia. Akauliza: "Nani kamuumiza nani?" Nikaapa. Nikaeleza kijiji, njia, zizi la mbuzi. Akasema tusisogee, wanakuja.

Ningeteremka hapo hapo. Sikuteremka. Ilinijia sentensi. Ya kwanza ya sura ya nane, nzima, tayari, na daftari lilikuwa mfukoni. Nikakaa nikaiandika. Ikaja ya pili, ikanivuta ya tatu. Nilipoinua kichwa, kivuli cha mlima kilikuwa kimeshavuka bonde.

Nikashuka mbio. Awadh hakuwa pale nilipomwacha. Nilimkuta mbele kidogo, kwenye njia ya kuja juu. Alijikokota kwa makalio, suruali yote vumbi, viganja vimechubuka. Aliponiona alicheka. Alidhani nimepotea, alisema. Kisha cheko likamwisha. "Nlidhani hurudi."

Awadh! Mtu ambaye hata mamake alipokuwa anafanyiwa operesheni alikuwa anahesabu vigae vya hospitali, mtulivu kabisa.

Nikampa maji. Akanywa, akaanza kuchomoa miiba kwenye suruali, mmoja mmoja. Akasema, bila kunitazama, na bila hasira hata kidogo, kwamba ilikuwa kama nyumbani tu. Naingia chumbani, nafunga mlango, yeye hajui nitatoka saa ngapi. Zamani alikuwa akinigongea. Siku hizi anaweka chai kwenye thamosi isipoe, anakaa na televisheni. "Si kama nnaipenda hiyo televisheni," alisema.

Kitabu kizima nimemlilia mwanamke aliyeachwa nyuma, nikaapa moyoni kwamba ndiye mimi. Nimelia machozi kabisa kwenye sura ya tano. Nikampa mume kikohozi na saa kwenye kiatu, nikamaliza, nikajiona hodari. Na leo aliyeondoka na maji, asigeuke, ni mimi.

Nimeketi ubavuni pake, mguu wake nimeuweka juu ya begi langu la zambarau. Jua bado lipo, hatuna hatari, njaa kidogo tu. Gari tatu zimesimama pale kijijini. Watu wanapanda. Yule mbele ni Ami Thabit na bakora yake. Nyuma yake Mama, miwani myeusi, amekataa kubaki garini, namjua. Na Rawan simu juu, anarekodi.

Awadh kaniuliza tena. Nyakati zote za mwaka angeweza kuchagua, amechagua huu. Nimemjibu, mara hii bila kusita: si wewe. Wallahi si wewe.

Akashusha pumzi. Akaegemeza kichwa kwenye jiwe, akafumba macho, nikadhani yamekwisha.

Akakohoa. "Basi nani?"

Nimesema wanakaribia, tuwapungie. Hakupunga. Ami anatuita kwa majina, Mama anauliza kama wote wawili tuko hai. Awadh ameweka kiganja chake juu ya ukurasa, amenibakishia nafasi ndogo tu ya kuandikia. Hao wasubiri, anasema. Nani?