Nyumbu na Vivuli Vyao

Mjukuu wangu Neema,

Huku Endabash sote wazima, na babu yako anakusalimu. Unauliza kama umsikilize mtu anayeilalamikia programu yako ya picha ilhali hajui kuandika programu.

Miaka ya themanini niliwapikia watafiti Ngorongoro. Kompyuta yao ilihesabu nyumbu kwenye picha zilizopigwa kutoka ndegeni, na ripoti ilikuwa iende Arusha kesho yake. Nilipopeleka chai nikachungulia picha, nikaona kompyuta imetia alama hata pasipo na mnyama. Nikauliza, "Mbona imehesabu na vivuli?"

Mtafiti mmoja akahesabu kwa kidole, akaruka. "Kweli kabisa!"

Akaizuia ripoti. Siku tatu yeye akirekebisha programu, mimi nikimwonyesha kivuli ni kipi, nyumbu ni yupi. Hesabu ilipotoka sawa, nilipiga vigelegele kambi nzima ikaja mbio!

Mtafiti naye akanisogezea kiti chake. "Dada, kaa hapa. Niambie na kingine kinachokusumbua kwenye hesabu hii."

Akupendaye,
Bibi