Macho ya Marehemu

Jumatatu, 9 Machi
Binti yangu kaleta karatasi, kazipiga chapa. Kila mteja asaini kabla sijagusa kitu chake. Kikiharibika, narudisha ujira, basi. Tena maswali: kimewahi kutengenezwa? Na nani? Kama polisi! Nikamwambia vioo na fremu za nusu ya mji huu zimepita mkononi mwangu. Mkono huu ndio saini. Akasema baba, mkono wenyewe siku hizi unatetemeka. Ana mdomo huyo — kamrithi mama yake. Karatasi nimezikalia.

Jumanne, 10 Machi
Kaja mjane. Picha ya mumewe imeganda kwenye kioo, unyevu umeingia. Hana nyingine. Mafundi wengine wameikataa. Waoga! Binti akanikonyeza: karatasi. Nikajifanya kipofu. Nimpe karatasi ya hasara, aone naogopa? Nikasema mama, keshokutwa utamchukua mumeo mzima. Akacheka. Akirudi mzima, akasema, atanieleza siku zote hizo alikuwa kwa nani!

Jumatano, 11 Machi
Nimeloweka. Maji matupu na subira. Picha za zamani haziogopi maji, zilizaliwa majini. Ikaachia yenyewe, kama ganda la yai la kuchemsha. Haikuchanika hata kidogo! Nani mwingine angeweza?

Nikaigeuza. Macho hayapo.

Maji yana weusi. Kumbe mtu alimchora macho kwa wino, pale palipoliwa na unyevu. Sikuuliza.

Alhamisi, 12 Machi
Binti kaiona. Hakusema nilikwambia. Bora angesema. Kasema tu, mweleze, baba, mficha uchi hazai.

Mjane kaja mapema, kapendeza. Kabla sijafungua mdomo akasema, mzee, nilisahau, yale macho shemeji yangu aliyarudishia kwa kalamu. Kuna ubaya?

Nikasema hakuna.

Nikavuta karatasi. Utaratibu wa duka tu, mama — tulisahau juzi. Binti ananitazama. Mjane hakusoma. Mzee wangu, akasema, wewe nakuamini. Kasaini jina zima, polepole, mwandiko mzuri.

Sasa niko chumba cha nyuma. Nimekuja kuichukua picha. Nimekaa naandika! Namsikia anamwambia binti kashapigilia msumari, mkabala na kitanda, ili akiamka watazamane.

Nasikia binti anakunja karatasi.

Mzee, anaita, mbona unamficha? Mlete nimwone.